Siga za Baba Eveline

Kuvu ilianza kwenye siga moja, ile ya pembeni kabisa, na Yusta aliiona kabla hata hajabandika chai. Alikuwa amefungua sanduku ili alipanguse vumbi, akakuta kitu cheupe kimeota juu ya jani la kahawia. Kilikuwa na manyoya. Aliposogeza uso akahisi baridi ikimpuliza kutoka ndani, akafunga kifuniko haraka, halafu akajicheka mwenyewe. Igowole nzima ni baridi. Mwezi wa saba hata viatu vya kanisani vinaota kuvu kabatini, sembuse siga?

Sanduku lile lilikuwa fahari ya mumewe. Bartholomeo Kalinga aliuza mbao na nguzo, na mnunuzi mmoja mgeni aliyeridhika na mzigo wake alimpa zawadi hiyo kwenye hoteli moja ya Mbeya: sanduku zito linalong'aa, ndani limezungushiwa mbao za mwerezi, mti ambao Yusta alikuwa akiusikia kwenye Biblia tu. Lilijaa siga, zile sigara nene zinazosokotwa kwa jani tupu la tumbaku. Chini ya kifuniko palikuwa na sponji ya kuloweshwa maji, na kisaa kidogo cha kupima unyevu, maana siga ikikauka inapasuka na kuwa takataka. Shadrack, mhudumu wa baa ya hoteli hiyo, alimfundisha Kalinga namna ya kuzitunza. Kalinga akarudi kumfundisha mkewe kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na siga mdomoni.

"Ni za wageni hizi," alisema. "Mimi nanusa tu, basi."

Kunusa tu kulikuwa na sababu yake. Kalinga alivuta sigara tangu akiwa kijana wa kukokota msumeno wa mkono, akavuta miaka na miaka mpaka kifua kikamkamata. Daktari mmoja Iringa alimwonyesha picha ya mapafu yake, akamwambia bila kumung'unya maneno kwamba akivuta tena, hata moja, asimrudie yeye, aende moja kwa moja kwa fundi wa majeneza. Kalinga ndiye aliyekuwa akiwauzia mbao mafundi wa majeneza wa pale mjini, kwa hiyo alielewa vizuri. Aliapa mbele ya mkewe, mkono juu ya Biblia. Yusta alimwamini kwa moyo wote, ila pua yake haikuacha upelelezi.

Sasa tuje kwenye maji. Shadrack alikuwa amekataza maji ya bomba. Alitaka maji ya betri, yale yanayouzwa kwenye vichupa kwa wenye magari, na Kalinga alinunua chupa moja sokoni Mwanjelwa, kule kule Mbeya, akaja nayo. Chupa ikaisha yeye yuko safarini Mbeya na lori la mbao. Akapiga simu.

"Mama Eveline, kisaa kinasemaje?"

"Kimeshuka."

"Basi weka maji safi. Safi kabisa, sio ya bomba! Nikija nikute siga zimepasuka tutagombana."

Yusta akafikiria maji safi kuliko yote aliyowahi kuyaona maishani. Akachukua kichupa kitupu akateremka bondeni, nyuma ya mashamba ya chai, hadi kwenye chemchemi ya msituni inayotoka chini ya jiwe. Juu ya jiwe lile watu huacha ugoro kabla ya kuchota. Ni kidogo tu, unaobanwa kwa vidole viwili. Yusta alijua, kwa sababu bibi yake hakuwahi kuchota bila kuuacha. Lakini bibi alikuwa bibi, na Yusta alikuwa mwimbaji wa kwaya ya usharika na katibu wa akina mama. Angeonekanaje akiwa na ugoro mkononi? Akatazama kushoto, akatazama kulia, akachota, akapanda mlima akiimba pambio.

Hayo ndiyo maji aliyoyatia kwenye sponji.

Kalinga aliporudi na kuonyeshwa kuvu, alimpigia Shadrack, akaweka simu mezani ili wote wawili wasikie.

"Wala usiogope, mzee," Shadrack alisema. "Kuna unga mweupe unatoka kwenye tumbaku yenyewe, huo ni mafuta yake, hauna neno. Hiyo yenu haina manyoya?"

"Ina manyoya," Yusta akajibu.

"Basi ni kuvu. Toeni zote. Futeni moja moja kwa kitambaa laini. Sanduku lipanguseni kwa spiriti, liacheni wazi likauke. Halafu angalieni mwisho wa siga, pale pa kuwashia. Kuvu ikiwa kwenye ngozi inafutika, maisha yanaendelea. Ikishaingia ndani, hiyo siga imekufa. Usimpe mtu avute."

Wakazifuta mezani, Yusta akishika tochi na Kalinga akishika kitambaa, kama wakunga wawili. Zote zilikuwa safi ndani. Ile ya pembeni tu ndiyo iliyomtia shaka Yusta, maana aliona uzi mweupe ukichungulia katikati ya majani.

"Hii je?"

"Ya juu juu tu hiyo," Kalinga alisema. Kisha, kwa kuwa mkewe alikuwa bado anamtazama, akaongeza, "Haya, nitaitupa." Akaitia mfuko wa shati.

Baada ya muda kuvu ikarudi. Safari hii haikuota ovyo. Yusta alifungua sanduku akaona kwenye kila siga madoa meupe yaliyopangana upande mmoja, na doa moja pana upande wa pili. Alikaa akiyatazama mpaka akayaelewa. Alichukua siga moja akaibana kwa vidole vyake, na vidole vikaingia juu ya madoa yale sawasawa, isipokuwa vya aliyeshika kabla yake vilikuwa virefu zaidi. Na upande wa kutia mdomoni palikuwa pamelowa. Palikuwa pametafunwatafunwa, kama kwamba mtu asiye na meno alikuwa akipamumunya.

Hapo ndipo pua ya Yusta ilipopata kazi. Jioni ile alinusa mashati ya mumewe kwenye kapu la kufulia. Alinusa koti, alinusa taulo, na mumewe alipoinama kuvua viatu akamnusa kisogo.

"Unatafuta nini, Mama Eveline?"

"Nani anafungua lile sanduku?"

"Mimi. Nanusa. Si nilikwambia?"

"Na mate yanatoka puani?"

Kalinga akasimama na kiatu kimoja. Alisema hajavuta. Yusta alisema sebule inanuka moshi. Kalinga alisema basi awaulize kaka zake, maana kila wakija hapa wanaingia na mikono mitupu na kutoka na mifuko imetuna. Wakalala wamepeana mgongo. Yusta alilia kimyakimya, akimwona tayari ndani ya jeneza la mbao zake mwenyewe, na hasira yake ilikuwa kubwa kuliko huruma. Ukweli ni kwamba alikuwa anaogopa sana kuachwa peke yake.

Kulipokucha alilifunga sanduku kwa ufunguo, akautia ufunguo kwenye kamba akauvaa shingoni. Siga zikaendelea kulowa. Zikaanza kuwa fupi. Halafu Kalinga akaanza kukohoa, kikohozi kikavu cha zamani kile kile, na kila akikohoa Yusta aliweka chini alichokuwa ameshika na kumtazama usoni, naye Kalinga akatazama pembeni. Yusta akaamua kwamba mumewe amechongesha ufunguo wa pili. Alitafuta kwenye pochi yake, kwenye soli za viatu, hata ndani ya redio. Hakuuona, na kutouona kukazidisha shaka yake.

Ilikuwa mchana mmoja, ukungu umeshuka juu ya chai mpaka ukafunika uzio, na taa ya sebuleni inawaka ingawa jua lilikuwa bado halijakwenda popote. Kalinga alikuwa uani bandani anapasua mbao. Yusta aliusikia msumeno wa umeme ukilia, ukinyamaza ubao unapobadilishwa, ukilia tena. Alikuwa anakunja nguo zilizokauka alipopigwa na harufu ya moshi wa siga, mzito, mbichi. Akasema moyoni, leo nimekukamata. Alikwenda sebuleni kwa kunyata. Hapakuwa na mtu. Sanduku lilikuwa mezani limefungwa, na ufunguo ulikuwa kifuani pake, wa baridi kama kipande cha barafu.

Kisha akasikia mtu akivuta. Ilikuwa sauti ndogo ya midomo ikinyonya kitu chenye maji, ikifuatwa na pumzi ndefu ya kuridhika, na ilitoka ndani ya sanduku. Na Yusta, aliyekuwa amesimama na shati la mumewe mkononi, alijaribu kujiambia kwamba ni panya, kwamba ni upepo, kwamba ni mbao za mwerezi zinajikunja kwa unyevu, mpaka kile kilichokuwa ndani ya sanduku kikakohoa. Kilikohoa kikohozi kikavu kinachoanzia chini na kukatikia kooni, kikohozi ambacho alikuwa amelala nacho kitanda kimoja miaka yote ya ndoa yake, kikohozi cha Kalinga mwenyewe, huku kule bandani msumeno ukiendelea kulia mikononi mwa Kalinga bila kusita.

Hakujua mkono wake ulipata wapi nguvu ya kuingiza ufunguo. Alifungua, na baridi ya msituni ikamjia usoni, baridi ya chini ya jiwe, yenye harufu ya majani yaliyooza na maji yasiyoona jua, na ndani mle siga zote zilikuwa zimeota ndevu nyeupe ndefu zilizolala upande mmoja kama nywele za mzee zilizochanwa, na kwenye sponji, ambayo hakuwa ameigusa tangu siku ile, maji yalikuwa yakichuruzika taratibu bila kupungua, na siga moja iliyokuwa katikati, iliyolowa mwishoni, ilijiviringisha polepole mbele ya macho yake, ikapanda juu ya zile nyingine, ikasimama wima, ikasubiri, kama inavyosubiri ikiwa kati ya vidole vya mtu aliyekatizwa na mgeni.

Yusta alifunga sanduku akatoka mbio na shati lile lile mkononi.

Hakukimbilia kwa mchungaji. Baadaye alijishangaa kwa hilo. Miguu yake ilimpeleka sokoni, kwa Bibi Sabina, mwanamke mfupi mwenye ulimi mkali aliyeuza ugoro kwenye vikaratasi pembeni mwa wauza viazi. Kila aliyetaka kuchota msituni alipitia kwake.

"Kamwene, bibi."

"Kamwene. Katibu wa akina mama kwenye meza yangu! Leo dunia imepinduka?"

"Bibi, usinitanie. Nyumbani kuna kitu." Yusta akainama, akanong'ona yote, sanduku, kikohozi, ndevu. Bibi Sabina akaendelea kufunga vikaratasi vyake.

"Hayo maji uliyoyatia ni ya wapi?"

"Ya kule msituni, chini ya jiwe."

"Ulichota bila kununua kwangu," Bibi Sabina alisema, na sasa hakuwa anatania. "Watu wa Pwani wangesema ni jini. Sisi tunamwita Mwenye Maji, tunampa chake, tunakwenda zetu. Wewe umebeba maji yake, hukumpa tumbaku. Akaifuata. Ukampeleka ndani ya sanduku lenye maji yake na tumbaku tele, halafu ukalifunga asipigwe upepo. Mimi ningekuwa yeye nisingetoka."

"Nifanyeje? Niite mganga? Nilichome moto?"

"Ukichoma unampa moshi. Mganga wa nini? Rudisha. Sanduku, sponji, siga zote, usibakize hata kipande. Mwombe radhi, mwachie ugoro kwenye jiwe, ondoka usigeuke. Lakini nakwambia zote, mwanangu. Anakaa pale penye unyevu na tumbaku. Ukimwachia mahali pa kukaa, atakaa."

Yusta alinunua ugoro mbele ya soko zima na hakujali nani anamwona.

Alimkuta Kalinga anafuta vumbi la mbao kwenye nyusi. Akamweleza hapo hapo bandani, bila kuficha kosa lake la kule chemchemini. Halafu akapiga magoti kwenye maranda.

"Baba Eveline, nisamehe. Nimekunusa kama mwizi. Nimepekua pochi yako. Ulikuwa umeapa kwa Biblia na mimi nikakuona mwongo, kumbe ni mimi niliyeleta hili ndani ya nyumba."

Kalinga alifungua mdomo, akaufunga. Macho yake yalijaa maji. Alimshika mkewe mabega akamwinua, akasema, "Yaishe, mke wangu. Yaishe." Yusta hakuwahi kumpenda kama alivyompenda saa ile.

Waliteremka bondeni pamoja, sanduku limefungwa kwenye kitenge, Kalinga akilibeba kichwani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba walifuata njia kwa kugusa matuta ya chai. Kwenye jiwe Yusta aliweka ugoro, akaomba radhi kwa maneno aliyoyakumbuka kwa bibi yake. Kisha akamgeukia mumewe.

"Zote zimo?"

"Zote."

"Na ile ya pembeni? Uliyotia mfukoni?"

Kalinga alikuwa akitazama maji. "Niliitupa."

"Wapi?"

"Jalalani. Siku ile ile. Taka zilishachomwa, Mama Eveline, unataka nikalete majivu?"

Yusta alisikia kitu kidogo kikimkwaruza moyoni, kile kile cha zamani. Akakinyamazisha. Si alikuwa ametoka kuomba msamaha kwa kosa hilo hilo? Wakaliweka sanduku majini. Maji yakanyamaza. Sanduku likavutwa chini ya jiwe bila povu, taratibu, kama mtoto anavyovutiwa ndani na mama yake jioni, na ugoro uliokuwa juu ya jiwe haukuwepo tena. Wakaondoka bila kugeuka, na njiani Kalinga akashika mkono wa mkewe kama wachumba.

Nyumba ikapona. Sebule ikarudi kunuka nta ya sakafu na maandazi. Yusta aliimba kwaya kwa sauti iliyowafanya wenzake wamtazame, na Eveline, binti yao anayesoma chuo Iringa, alipopiga simu aliambiwa kwamba baba na mama siku hizi wanakunywa chai kikombe kimoja. Kila alipopita sokoni Yusta alimsalimia Bibi Sabina, tena kwa kupaza sauti.

Ila kikohozi hakikuisha. Kilibadilika tu. Hakikuwa kikavu tena; kilikuwa na maji ndani yake, kama chupa inayotikiswa. Kalinga alianza kunywa chai akimpa mkewe mgongo. Alianza kulala na shuka limefunika mdomo. Asubuhi mto wake ulikuwa umelowa, na Yusta alipouanika juani alisogeza pua, kwa mazoea tu, akainusa harufu aliyodhani imebaki chini ya jiwe. Ilikuwa harufu ya mwerezi na tumbaku mbichi.

Alirudi ndani na ule mto mikononi. Kalinga alikuwa mezani, amekipa kisogo chumba kizima.

"Baba Eveline. Ile ya pembeni uliitupa wapi?"

Kalinga hakugeuka. Mabega yake yalishuka.

"Niliivuta," alinong'ona. "Nyuma ya banda. Moja tu, Yusta, moja tu. Niliifuta vizuri kwanza."

"Na pale kwenye jiwe nilikuuliza."

"Ulikuwa umetoka kunipigia magoti." Sasa alikuwa analia. "Ulikuwa umepiga magoti kwenye maranda unaniomba msamaha. Ningekwambiaje?"

Maneno ya Bibi Sabina kuhusu unyevu na tumbaku yalikuwa yamemrudia Yusta yote kwa mara moja, na alikuwa akimtazama mumewe, mvutaji wa miaka mingi, na kile kifua chake kibovu chenye maji. Alikwenda kabatini akachukua tochi na kitambaa laini, vile vile walivyotumia siku ile. Akamgeuza uso kuelekea dirishani. Kwenye kona ya mdomo wa Kalinga palikuwa na kitu cheupe. Yusta akakifuta, kikafutika, na chini yake ngozi ilikuwa nzima, na kwa kitambo kidogo akaweza kupumua.

"Ni ya juu juu," Kalinga alisema kwa matumaini. "Si ndivyo alivyosema Shadrack? Ikiwa kwenye ngozi..."

"Fungua mdomo."

Akafungua. Akazuia pumzi ili asikohoe na mkewe aone vizuri. Yusta akainama, akamulika nyuma ya ulimi, chini kabisa, pale koo linapoingia gizani. Manyoya meupe yalikuwa yameota pande zote, marefu, yamelala upande mmoja.

Kalinga alikuwa bado amezuia pumzi. Yale manyoya yaliinuka polepole kuelekea kwenye tochi, yakalala, yakainuka tena, yakiendelea kupumua.